Sikio la Senti

Jumatano jioni. Theluji ya Erie
imeganda kwenye ngazi za duka la Osterhout.
Kaniwekea nakala yangu chini ya kaunta
kama afanyavyo tangu toleo la tatu,
ila leo ananikabidhi bila kunitazama.
"Timu mpya," anasema. "Usitarajie makuu."
Nikalipa. Nilitarajia.

Shaba yumo, sikatai.
Mkono wake wa chuma chekundu unang'aa tangu jalada,
unang'aa mno, kama sinia la harusi.
Zamani ulikuwa na kutu ya kijani kiwikoni
na kila Jumapili aliusugua kwa limau na chumvi
huku akibishana kwa simu na mwenye nyumba
juu ya kodi ya miezi miwili.
Visanduku tisa, kusugua tu. Hakupigwa mtu.
Nami, nimetoka zamu ya usiku kiwandani,
mikono inanuka plastiki iliyoungua,
nilivisoma vile visanduku tisa mara nne.

Sasa hasugui. Sasa anaruka.
Anaruka ukurasa wa pili, wa tatu, wa tano,
anavunja daraja, anavunja taya,
na kila akitua anatupa neno la kuchekesha,
yeye ambaye tulimngoja matoleo sita
amwambie dada yake "samahani."

Halafu, ukurasa wa kumi na moja, pembeni, mlangoni:
Senti. Mbwa wake.
Ana masikio mawili.

Nikaweka katuni mezani. Nikanawa uso.
Nikarudi.
Mawili.

Mnajua, nyinyi mliopewa kalamu,
kwamba la kushoto liliungua toleo la kumi na nne,
katika moto wa ghala la rangi,
aliporudi ndani kumfuata mtoto
ambaye Shaba hakumsikia?
Kwamba Halvorsen hakuandika hata neno moja
kurasa saba nzima,
na Wojtkun alipaka moshi kwa dole gumba
hata mistari ya ngozi yake ikabaki kwenye weusi?
Wiki ile nilikuwa hospitalini, kitini, kando ya baba.
Nikasema nitamsomea. Hapakuwa na cha kusoma,
nikawa namfunulia kurasa tu,
naye akagusa kichwa cha mbwa kwa ukucha
akasema, "Huyu ataishi."
Baada ya hapo maneno yake hayakunyooka tena.

Sisemi mapya ni haramu.
Mpishi akibadilika, mchuzi hubadilika, hilo naelewa.
Lakini hawa hawakulamba hata mwiko.
Nasikia Halvorsen kachoka,
Wojtkun mkono unamtetemeka,
na kampuni nayo ina mishahara ya kulipa.
Sawa. Sawa.
Nikachukua kalamu ya wino, ile ya kutia saini zamu,
nikalipaka sikio la kushoto weusi,
nikapaka, nikapaka, mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi mpwa wangu Tamsin akaikuta kochini.
Miaka tisa. Akalala kifudifudi, miguu hewani,
akacheka palepale nilipokunja uso,
akauliza toleo lijalo linatoka lini.
Kisha akanyamaza, akaileta karatasi karibu na taa.

"Nani amemharibu mbwa?"

Nilikuwa na hotuba tayari.
Nilikuwa na masanduku kumi na mawili uvunguni
kama ushahidi wa mahakamani.
Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi.
Nikapiga magoti, nikavuta sanduku la pili,
vumbi likanipigisha chafya tatu,
naye keshakaa sakafuni, mkono kaunyoosha,
vidole vina mafuta ya viazi vya kukaanga.
Nilitaka kumwambia akanawe kwanza.

Jumatano ijayo sijui kama nitakwenda kwa Osterhout.
Pengine nitakwenda.
Nitakwenda nimenuna.